Jumamosi Kabla ya Jua Kutua

Manila,
22 Juni 1975

Dada Nyanchama,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, ila joto la huku halina adabu. Unaoga, unajifuta, na kabla hujavaa shati umeloa tena. Barua hii nimeituma shuleni kwako na si kwa sanduku la kanisa. Utaona kwa nini.

Nimeanza kucheza mpira wa kikapu kwa kulipwa.

Mwaka huu huku wameanzisha ligi. Kila timu ni ya kampuni fulani na inaitwa kwa jina la kitu wanachouza. Yetu ni ya kiwanda cha biskuti na jina lake ni Bituin, maana yake nyota. Watu wazima wanajaa ukumbini na kupiga kelele wakiita jina la biskuti. Kocha wetu, Bwana Villaruz, aliniona nikicheza na wanafunzi wenzangu hapa chuoni. Aliniuliza ninatoka wapi. Nikamwambia Gesima. Akasema, "Gesima, unaruka vizuri." Tangu siku hiyo hilo ndilo jina langu. Limeandikwa mgongoni kwa herufi nyekundu.

Mechi ni Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Jumamosi zinachezwa mbili, moja alasiri na nyingine jioni. Nimemwambia kocha kwamba mimi ni Msabato na siwezi kugusa mpira kabla jua halijatua. Alicheka, kisha akaona kwamba mimi sicheki. Amekubali. Tukipangiwa ile ya alasiri, mimi hubaki chumbani.

Usimwambie Tata. Unakumbuka baba yetu alivyosimama mbele ya kanisa zima akasema anamtoa mwanawe awe mchungaji, na watu wakanisindikiza hadi Keroka wakiimba. Darasani bado naenda. Mwambie nasoma.

Ndugu yako,
Jethro Nyangau


Gesima,
10 Agosti 1975

Ndugu yangu Jethro,

Barua yako imefika, na kabla sijaifungua Tata alikuwa ameshaambiwa na watu wawili kwamba imefika. Keroka hakuna siri posta. Ilinibidi nimsomee. Unajua macho yake. Maandishi madogo hayaoni tena. Nilisoma mahali pa joto. Nilisoma mahali pa darasani. Nikafika kwenye sahihi yako.

"Barua ni fupi," akasema.

"Ana mitihani, Tata."

Akatikisa kichwa kwa kuridhika na kwenda kuchuma chai. Basi sasa mimi nimeshakuwa mwongo, mwalimu wa darasa la nne, na wala sikupata hata biskuti moja.

Mama yetu angekuwapo ningemwachia yeye mambo haya. Hayupo, basi naandika mimi.

Mechi hizo zinakufaa nini? Sikuulizi kwa hasira. Ulipokuwa Kisii sekondari na yule kijana Mmarekani aliyewafundisha, nilidhani ni michezo ya shule tu, ambayo mtu huiacha pamoja na kaptura. Nieleze nielewe. Huku mvua ni nzuri na chai ni nyingi mno. Tata anajenga jiko jipya. Kila Sabato anakuombea kwa sauti mwishoni, na watu wanaitikia.

Dada yako,
Nyanchama


Manila,
15 Februari 1976

Dada,

Umeuliza mechi zinanifaa nini. Nimelifikiria swali hilo na sijapata jibu, kwa hiyo nitakueleza hali ilivyo.

Tunafungwa. Tumefungwa tangu Desemba bila kupumzika. Sisi ndio wa mwisho katika ligi. Mashabiki huja na biskuti zetu wenyewe mfukoni na kututupia tukitoka uwanjani. Ruben, ninayelala naye chumba kimoja, mtu mfupi kutoka visiwani anayechezesha timu, huziokota zile ambazo hazijavunjika. Anasema biskuti haina kosa.

Mwenye kiwanda alikuja mazoezini. Alitembea mbele yetu akitutazama miguu, kama mtu anayechagua ng'ombe sokoni, akaondoka. Kesho yake wawili hawakuwapo. Vitanda vyao vilikuwa vimetandikwa.

Mimi nimebaki. Sikufurahi wala sikuogopa. Siku hizi hali yangu ndiyo hiyo. Tukifungwa, nakula, na hata tungeshinda, ningekula vilevile. Ruben ananiambia, "Gesima, wewe ni jiwe." Labda.

Masomo yanaendelea.

Jethro


Gesima,
30 Mei 1976

Ndugu yangu,

"Masomo yanaendelea." Wanafunzi wangu huniandikia hivyo mwishoni mwa insha wasipokuwa na la kusema.

Huku tuko salama. Jiko limekwisha, moshi unatoka kunakotakiwa. Tata amechaguliwa tena kuwa mzee wa kanisa wa kwanza. Alimwambia mchungaji kwamba anashika nafasi hiyo kwa muda tu, mpaka wewe urudi na mahubiri yako, ndipo yeye aketi apumzike. Watu walicheka vizuri. Jina lako linapotajwa katika maombi, mimi ndiye ninayeinamisha kichwa kuliko wote. Wanadhani nina imani kubwa.

Ukiamua kumwambia, mwambie wewe mwenyewe. Mimi sitamwambia.

Nyanchama


Manila,
13 Desemba 1976

Dada,

Tumekuwa mabingwa.

Sijui vizuri ilivyotokea. Walimleta mchezaji mmoja mpya wa ulinzi, Ruben akapona kifundo cha mguu, tukashinda moja, tukashinda nyingine, na watu wakaacha kutupa biskuti, wakaanza kuzila. Mwezi uliopita mtoto alinisimamisha barabarani anishike mkono. Ukumbini wanaita "Gesima! Gesima!" na mtu aliyeko kwetu akipalilia mahindi hajui.

Mechi ya kuamua iliwekwa Jumamosi alasiri, kwa ajili ya televisheni. Kocha alikuja chumbani asubuhi. Alikaa kwenye kitanda cha Ruben, akatazama viatu vyangu vilivyokuwa chini ya meza.

"Mimi sitakuuliza," akasema.

Kisha akaondoka. Ingekuwa afadhali angeniuliza.

Nilipanda basi pamoja na wenzangu. Katika ukumbi ule, juu karibu na paa, kuna madirisha madogo. Refa aliporusha mpira wa kwanza madirisha yalikuwa meupe. Nilicheza. Nilifunga. Kila mchezo uliposimama nilitazama juu, na bado yalikuwa meupe. Yalipokuja kuwa meusi, mechi ilikuwa imekwisha na watu walikuwa wamenibeba mabegani.

Nilingoja nihisi kitu. Nilidhani itakuwa furaha, au hofu kubwa. Nilihisi kiu. Niliporudi chumbani nilifua soksi zangu nikalala.

Chuo niliacha tangu Julai. Hilo nalo usimwambie.

Jethro


Gesima,
6 Machi 1977

Ndugu yangu,

Hongera kwa ushindi.

Cleophas wa Nyamira, uliyesoma naye huko, amemaliza chuo na kurudi nyumbani. Alikuja kanisani kwetu mwezi uliopita kutoa salamu za huko. Alipita na nyumbani, akakaa kidogo. Hakula.

Mvua zimechelewa. Tata anachuma chai siku zote sasa, hata zile siku ambazo alikuwa na vikao. Ni mzima. Mimi ni mzima.

Nyanchama


Manila,
20 Novemba 1977

Dada,

Tangu barua yako ya Machi nimekuandikia mara mbili bila kupata jibu. Labda posta.

Timu imeuzwa. Kiwanda cha biskuti kilikuwa na madeni ambayo sisi hatukuyajua, na ubingwa haukuyapunguza. Aliyetununua ana kiwanda cha rangi za nyumba. Siku moja tulifika mazoezini tukakuta mafundi juu ya ngazi wakifuta nyota ukutani. Walifuta kwa rangi ya huyo bwana mpya, ya kijani. Ruben aliuliza sisi sasa tunaitwaje, na fundi hakujua.

Bwana wa rangi amemleta Mmarekani anayenizidi urefu kwa kichwa kizima. Ni mtu mpole. Katika mazoezi kazi yangu ni kumsukuma ili azoee kusukumwa. Katika mechi nakaa benchi. Agosti goti langu la kushoto lilivimba, na halijarudi lilivyokuwa. Jina lililoko mgongoni mwangu wamelipunguza liwe namba tu, kwa sababu herufi zinakula nafasi ya tangazo.

Kocha Villaruz aliondoka bila kutuaga. Nilimwona sokoni akinunua samaki. Tulisalimiana.

Kuna nini huko nyumbani? Niambie.

Jethro


Gesima,
12 Machi 1978

Mwanangu Jethro,

Ninaandika mwenyewe. Sioni vizuri, ndiyo sababu herufi ni kubwa na mistari inapanda mlima. Karatasi nimepewa na Onsongo wa dukani. Nyanchama hajui. Anwani niliikata kwenye bahasha yako.

Mwaka jana Cleophas alisimama kanisani. Ni kijana mwema. Alisema, "Ndugu zangu, huko Manila ukumbi mzima unaita jina la Gesima," akatoa picha ya gazeti, ikapita mkono kwa mkono. Watu wakasema Amina. Mimi sikuiona vizuri, niliona mtu mrefu amebebwa. Ndipo mchungaji akauliza, mchezo huo ulikuwa siku gani? Cleophas akanyoosha mkono arudishiwe picha yake. Alielewa wakati huo alichokuwa amefanya.

Nilisimama. Nikasema: mwanangu anasoma, mwanangu hawezi kufanya jambo hilo bila kuniambia. Nilisema kwa sauti. Kisha nikamtafuta dada yako upande wa wanawake. Alikuwa anatazama sakafu.

Nikaketi.

Baraza la kanisa halikuniondoa katika uzee. Nilijiondoa. Mtu anayesimama mbele ya watu na kusema asilolijua, mahali pake si mbele. Sasa nakaa benchi la nyuma karibu na mlango. Kuna hewa nzuri hapo. Wewe ulifutwa ushirika mwezi wa Aprili. Nilikuwapo. Wakaniuliza kama nina neno. Nikasema waendelee.

Mimi na dada yako hatujalizungumza. Anapika, nakula, tunaomba, tunalala. Usimkasirikie.

Sikuandikii kukulaumu. Lawama niliitafuta ndani yangu nikaikosa. Nimekuwa kama mkono uliolaliwa hadi ukafa ganzi. Lakini kuna jambo linanisumbua nikiwa katika chai. Watu waliniuliza, mzee Makori, huo mchezo wenyewe ni nini? Sikujua. Umekaa miaka mitatu ndani ya kitu ambacho mimi sijui hata kina sura gani. Nimekisema kanisani, nimekiacha kifute jina lako, na sijawahi kukiona.

Nieleze mchezo huo. Unachezwaje? Eleza polepole.

Mimi baba yako,
Makori


Manila,
7 Mei 1978

Tata,

Barua yako nimeipata. Nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nikakaa.

Ninaandika kwa herufi kubwa ili usome mwenyewe. Ukichoka, mpe Nyanchama. Safari hii hakuna mahali pa kuruka.

Kwanza ujue kwamba timu niliyoichezea haipo. Iliuzwa, ikabadilishwa jina, na Januari bwana mpya naye akaivunja. Goti langu limeharibika. Sasa nabeba mizigo bandarini pamoja na Ruben, ambaye alikuwa mwenzangu.

Mchezo uko hivi.

Ni sakafu ya mbao, ndefu kama kutoka mlangoni kwetu hadi mwisho wa zizi. Kila upande una watu watano. Kila mwisho wa sakafu kuna mlingoti, na kwenye mlingoti kuna pete ya chuma, juu kidogo, nadhani, kuliko paa la jiko lako jipya. Kwenye pete wamefunga wavu. Wanakiita kikapu, lakini hakina kitako. Mpira ukiingia, unadondoka chini papo hapo, na wale mliowafunga wanauokota na kuanza kuja kwenu. Hakuna kinachobaki ndani. Mwanzoni hilo lilinishangaza, kisha nikalizoea.

Huwezi kukimbia umeukumbatia mpira. Lazima uupige chini, urudi mkononi, uupige tena. Ukisimama, huruhusiwi kuanza upya. Inabidi umpe mwenzako au urushe. Hakuna kumpiga mtu. Wanapigana, lakini hairuhusiwi.

Kazi yangu haikuwa kufunga. Walikuwapo wafungaji. Mimi nilisimama chini ya kikapu nikingoja mtu akose. Wengi hukosa, Tata, hata walio hodari. Mpira ukigonga chuma unapanda juu, na kwa muda mfupi sana si wa mtu yeyote. Hapo ndipo nilikuwa naruka. Juu kule sikuwa mwana wa mtu, wala mchungaji wa kesho, wala Mwafrika yule wa chuoni. Nilikuwa mikono miwili na mpira. Kisha nilikuwa natua, na yote yananirudia. Hicho ndicho nilichoachia chuo. Nimetafuta sababu kubwa zaidi ya kukuandikia na sina.

Ile Jumamosi nilijua. Madirisha yalikuwa meupe na niliyaona. Sikusahau, sikudanganywa, wala sikulazimishwa na mtu. Nilipanda basi kwa miguu yangu.

Nimepata kazi ya jikoni katika meli ya mizigo itakayofika Mombasa mwezi wa Septemba, Mungu akipenda. Nikishuka hapo sijui kama nipande kuja nyumbani au nibaki. Kama Gesima hakuna mahali pangu, Nyanchama aniandikie kwa wakala wa meli. Mombasa pana kazi za kubeba. Sitauliza mara ya pili.

Mwanao,
Jethro Nyangau


Gesima,
23 Julai 1978

Ndugu yangu Jethro,

Natuma barua hii kwa wakala huko Mombasa, ikungoje.

Tata alijaribu kuisoma barua yako mwenyewe. Nilimkuta nje ameishika karibu na pua, jua likimpiga kisogoni. Alikuwa amefika kwenye zizi. Akaninyooshea karatasi.

"Soma," akasema. "Soma na zile sehemu zako."

Ndilo neno pekee aliloniambia kuhusu jambo lile tangu litokee. Nikasoma yote. Nilipofika kwenye paa la jiko alinisimamisha. Akainuka, akaenda hadi ukutani, akanyoosha mkono wake akitafuta ukingo wa mabati. Hakuufikia. Akanyoosha mwingine. Nao haukufika. Alisimama hivyo mikono ikiwa juu, mzee wa watu, na mimi sikujua nicheke au nifanye nini.

"Juu kidogo kuliko hapa?"

"Ndivyo alivyoandika, Tata."

"Na aliruka akaupita?"

"Nadhani."

Akarudi akaketi. Nikamalizia. Mahali pa madirisha alifumba macho lakini hakuniambia niache. Nilipomaliza aliinuka kuwafukuza kuku walioanza kuingia ndani ya jiko. Kisha akauliza jambo moja, nami nakuuliza kama alivyolisema: mlipofungwa, mlirudi nyumbani pamoja au kila mtu peke yake?

Ukija utamjibu.

Jumatatu tulikwenda naye kituo cha chai. Tukiwa kwenye foleni ya mizani, Nyamongo, yule aliyeshika nafasi yake kanisani, alianza kumpa pole kwa mambo yako, kama wanavyompa siku zote, kwa ile sauti ya msibani. Tata akamkatiza. Akasema, "Kikapu chenyewe hakina kitako, ulijua?" Nyamongo akasema hapana, hakujua. Tata akaanza kumweleza, na kapu la chai yake likapitwa na watu. Alikosea sheria ya kukimbia. Nilimsahihisha. Nyuma yetu mtu alicheka, nikageuka na kumtazama kama ninavyowatazama wa darasa la nne, akaacha.

Sitakudanganya kwamba mambo ni mazuri. Ushirika hujarudishiwa na sijui kama watakurudishia. Wapo watakaovuka barabara wakikuona. Tata bado anakaa nyuma karibu na mlango, na siku hizi nami nimehamia benchi la nyuma upande wetu. Chumba chako kina mbegu za viazi, nitazitoa.

Njoo. Lakini Tata ananisimamia hapa nikiandika, na anasema usifike siku ya Sabato. Nilimwambia utaelewa vibaya. Akasema basi niandike sababu yake vizuri, neno kwa neno: Sabato hana kazi, utamkuta ameketi tu, na mtu aliyeketi akimpokea mgeni hajatoa kitu. Ufike siku ya kuchuma chai, asubuhi, kapu likiwa mgongoni mwake. Anataka awe na kazi, aiache, ateremke njiani kukulaki.

Dada yako,
Nyanchama